Sisimizi wa Vichwa Vikubwa na Vimelea vya Viota Vyao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wa Nairobi: wapangaji wanaopigania sukari yao na sisimizi, wafugaji wa kuku wa Ruai na Utawala, wanafunzi wenye kazi ya shule, na wachache ambao hawawezi kupita jiwe bila kuliinua. Mengine yalikuja yakiwa yamechanganya siafu, mchwa na Nairobi fly, kwa hiyo tunaanza na kutenganisha nani ni nani. Ukiwa na shida ya kuku, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya tatu.

## Mambo ya msingi

Sisimizi wa vichwa vikubwa ni wepi hasa?

Ni sisimizi wa jenasi Pheidole. Kwa wingi wa spishi, jenasi hii ni kati ya zile kubwa kabisa: zilizokwisha kupewa majina zimepita 1,000, na wanapatikana karibu kila nchi yenye joto. Mwaka 2003, mtaalamu wa sisimizi Edward O. Wilson alieleza spishi mpya 337 za bara la Amerika kwa mkupuo mmoja. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wakiwakanyaga kila siku bila kujua wana jina gani.

Kinachowatenga na wengine ni kwamba vibarua wao ni wa aina mbili. Kuna wadogo, ambao ndio wengi, na kuna askari, wenye kichwa kikubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Wote ni majike na wote hawana ovari kabisa, kwa hiyo kutaga ni kazi ya malkia peke yake. Askari hazaliwi askari. Buu aliyelishwa vizuri, homoni zikapanda kwa wakati wake, ndiye hukua akawa askari. Na kile kichwa hakikujaa akili, kimejaa misuli ya taya za kupasulia mbegu na kukatia wadudu.

Maarufu kuliko wote ni Pheidole megacephala, aliyepewa jina mwaka 1793. Amesafiri na udongo, miche na mizigo ya meli hadi visiwa na pwani za tropiki kote, na yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Kwenye kiota chake kuna malkia wengi, si mmoja. Hilo litakuwa na maana tutakapofika kwenye dawa.

Nitawatambuaje nyumbani kwangu?

Weka omena mmoja juu ya kabro jioni, uketi. Kwanza watafika vibarua wadogo wa kahawia, urefu kama milimita 2, wakizunguka bila mpangilio, halafu mstari unajinyoosha kutoka kwenye ufa. Baada ya muda wanatokea askari, mmoja hapa, mwingine pale, wakienda polepole huku kichwa kikiwavuta mbele. Ukiwatazama kwa lenzi utaona kichwa kina umbo la moyo, kimegawanyika nyuma kwa mfereji. Kwa Pheidole megacephala nusu ya nyuma ya kichwa hung'aa kama imepakwa mafuta, na nusu ya mbele ina mikwaruzo. Askari hukata, wadogo hubeba. Wakimaliza, omena amebaki mifupa.

Vidogo vya rangi ya manjano vinavyoingia hadi ndani ya kopo la sukari lililofungwa si hawa. Wale wakubwa weusi wanaotembea peke yao ukutani usiku pia si hawa, na mara nyingi ni Camponotus.

Siafu nao wako kundi hili?

Hapana. Siafu ni Dorylus: vibarua wao hawana macho, huwinda kwa misafara mikubwa, na huhama makao. Wakipita uani kwako wanaweza kumaliza kiota cha Pheidole kwa usiku mmoja. Siafu wana wageni wao pia, hasa mbawakawa wanaofanana nao hadi mwendo, lakini hiyo ni hadithi nyingine na ukurasa huu hautaimaliza. Mchwa na kumbikumbi nao si sisimizi hata kidogo. Kwa ukoo wako karibu zaidi na mende.

Kwa nini kiota cha sisimizi kina vimelea vingi namna hiyo?

Kwa sababu kila kitu kiko ndani: joto lisilobadilika sana, unyevu, akiba ya chakula, na mamia au maelfu ya mabuu laini wasioweza kukimbia. Juu ya hayo kuna jeshi la kuzuia maadui wengine wote. Mdudu akishapita mlangoni, ana chakula na ulinzi bure.

Ugumu uko mlangoni. Chini ya udongo ni giza, na sisimizi hatambui ndugu yake kwa sura. Anamgusa kwa vipapasio na kunusa mafuta yaliyo juu ya ngozi ya mwili, ambayo kila kiota kina mchanganyiko wake. Ni kama mlinzi wa geti asiyekutazama usoni, anayetazama sare tu: ukiwa nayo, pita. Karibu kila kimelea utakachokisoma hapa chini kimepata njia yake ya kuvaa hiyo sare, na njia zenyewe ndizo zinazofurahisha.

Kila mdudu ninayemkuta ndani ya kiota ni kimelea?

La. Wengi ni wala takataka, wanaokaa kwenye jalala la kiota wakila maganda na mizoga, na hawamdhuru mtu. Wengine wako katikati. Kuna nyenje wadogo wasio na mabawa, jenasi Myrmecophilus, ambao hulamba mafuta ya miili ya sisimizi na kuomba chakula kinywani mwao. Ni wezi, ila wizi wao ni mdogo. Mimi humwita kimelea yule tu ambaye kiota kingekuwa na nafuu kama asingekuwepo.

## Walio ndani ya kiota

Ni kimelea gani cha ajabu zaidi?

Kila mtu ana wake. Wangu ni mbawakawa wa jenasi Paussus, na Afrika ndiyo yenye spishi nyingi za jenasi hii. Ukimwona hutamdhania kuwa mbawakawa wa kawaida: vipapasio vyake vimefura vikawa kama vibuyu, na mwilini ana tezi zinazotoa majimaji ambayo sisimizi huyalamba kwa uchu. Wao wakilamba, yeye anatoboa mabuu wao kwa taya kali na kufyonza yaliyomo.

Paussus favieri, anayeishi na Pheidole pallidula huko Moroko na sehemu za Ulaya ya kusini, amechunguzwa kwa karibu. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hukwaruza sehemu za mwili wake na kutoa sauti za aina mbalimbali, na baadhi zinafanana na za vibarua, za askari na za malkia. Waliposikizishwa sauti hizo, sisimizi waliacha shughuli zao na kuja kukaa karibu na mahali zinapotoka, mwenendo wanaouonyesha kwa malkia wao. Kwa hiyo harufu peke yake haikumtosha, akajifunza na lugha.

Akishikwa ana silaha ya mwisho. Hufyatua kemikali ya moto kutoka nyuma kwa mlio unaosikika, na hiyo kemikali huacha doa la kahawia kwenye vidole. Paussus huvutwa na taa usiku, kwa hiyo unaweza kukutana naye barazani kabla hujamkuta kiotani.

Nyigu anaingiaje kwenye kiota bila kuuawa?

Haingii. Huingia mtoto wake, na hapo ndipo ujanja ulipo. Nyigu wa familia Eucharitidae, hususan Orasema na jamaa zake, ndio wanaowapenda Pheidole zaidi. Jike hutaga mayai ndani ya majani au machipukizi, mbali na kiota. Buu anayetoka ni mdogo kiasi kwamba macho matupu hayamwoni. Hukwea kibarua anayepita, au hung'ang'ania mdudu atakayekuwa mawindo, akabebwa hadi chumba cha watoto.

Huko hujishikiza kwa buu wa sisimizi na kusubiri. Buu akigeuka pupa, mgeni anaanza kunywa kwa kasi, na pupa anabaki ganda lililokunjamana. Nyigu kamili anapotoka, wa kijani au buluu inayometa kama chuma, sisimizi humsafisha na kumbeba kama mtoto wao kwa kuwa ana harufu ya nyumbani. Harufu hiyo hupungua baada ya siku chache, na ikipungua wanaanza kumshuku. Wakati huo yeye yuko njiani kutoka.

Nimeona sisimizi mwenye tumbo lililovimba kupita kiasi. Ni mgonjwa?

Huenda, ingawa si lazima. Spishi nyingi huweka chakula cha majimaji tumboni na huvimba kiasi kwa shibe, tena shibe hiyo inaonekana kama mng'ao ngozi ikinyooka.

Kama tumbo limefura kabisa na mdudu anatembea kivivu, anaweza kuwa amebeba mnyoo wa kundi la Mermithidae. Mnyoo huyu humwingia sisimizi akiwa bado buu, na hukua akiwa amejikunja tumboni hadi urefu wake unapita wa mwenyeji wake mara kadhaa. Umbo la sisimizi lenyewe linabadilika, na wataalamu wa zamani waliwahi kuwatazama sisimizi wa aina hii wakadhani wamepata spishi mpya. Siku mnyoo akikomaa, hupasua tumbo na kutoka penye maji au udongo uliolowa. Usishangae basi ukiona kisa hiki wakati wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei.

Je, kuna sisimizi ambao ni vimelea vya sisimizi wenzao?

Wapo, na mara nyingi kimelea ni ndugu wa karibu wa mwenyeji wake. Mfano wa Afrika ni Pheidole neokohli, aliyeelezwa na Erich Wasmann kutoka Kongo mwaka 1915 kwa jina jingine la jenasi. Hana vibarua kabisa. Malkia wake huishi ndani ya kiota cha Pheidole megacephala, hutaga humo, na watoto wake wote ni malkia na madume. Kazi za kulea, kulisha na kulinda hufanywa na vibarua wa mwenye nyumba.

Vimelea vya aina hii huwa na miili iliyorahisishwa: taya dhaifu, ngozi nyembamba, kichwa kilichopungua. Asiyefanya kazi hahitaji zana. Ni adimu mno, na spishi kadhaa zinajulikana kwa vielelezo vichache tu kwenye makabati ya makumbusho.

Nzi wanaowakata sisimizi vichwa ni kweli?

Kweli. Ni nzi wadogo sana wa familia Phoridae. Jike humrukia sisimizi, huchoma yai ndani yake na kuondoka, na kwa baadhi ya spishi buu huhamia kichwani, hula misuli, na kichwa huanguka. Kwa Pheidole wanaolengwa ni askari, maana vichwa vyao vina nyama.

Hata hivyo madhara makubwa hayatokani na wanaokufa. Huko Texas, utafiti uliochapishwa mwaka 1981 ulifuatilia Pheidole dentata wakipigana na sisimizi wengine. Nzi akitokea angani, askari walikimbia kujificha, na vita vikapotea kwa sababu ya nzi mmoja ambaye pengine hakutaga hata yai.

Utitiri ninaowaona wameganda miguuni na kichwani ni kimelea?

Baadhi ndiyo, baadhi ni abiria tu wanaosubiri kufikishwa mahali. Kutofautisha kunahitaji darubini. Ila kuna utitiri mmoja wa sisimizi wa jeshi wa Amerika ambaye hujibandika kwenye ncha ya mguu wa nyuma, na sisimizi huukanyagia kana kwamba ni mguu wake mwenyewe. Nimeshindwa kumsahau tangu nisome habari zake.

Nasikia kuna vipepeo wanaolelewa na sisimizi.

Ni vipepeo wa familia Lycaenidae, wale wadogo wa buluu. Katika Afrika, jenasi Lepidochrysops ndiyo iliyobobea. Kiwavi huanza maisha akila maua, kisha sisimizi humbeba hadi kiotani, na huko anageuka mla nyama na kumaliza mabuu. Wenyeji wao ni Camponotus na si Pheidole, kwa hiyo hapa tunapita. Tumeliweka swali kwa kuwa halikosi kuulizwa.

## Kuku na tegu

Kinyesi cha kuku wangu kina vipande vyeupe kama punje za mchele. Sisimizi wanahusikaje?

Vipande hivyo ni pingili za tegu, na kila pingili imejaa mayai. Tegu wawili wanaowasumbua kuku wa kienyeji, Raillietina tetragona na Raillietina echinobothrida, hawawezi kumaliza maisha yao bila sisimizi. Pheidole ni mmoja wa wanaotumiwa, pamoja na sisimizi wa jenasi Tetramorium.

Mzunguko ni huu. Sisimizi huokota mayai kwenye kinyesi kama chakula. Ndani ya mwili wake yai huanguliwa na kuwa kifuko kidogo chenye kichwa cha tegu, na kifuko hicho hukaa humo kikisubiri. Sisimizi anaendelea na kazi. Kuku anamdonoa, kifuko kinafunguka utumbo unapokimeng'enya, na baada ya wiki mbili au tatu tegu mzima anaanza kuangusha pingili. Kuku wa kufungiwa kwenye vizimba vya juu hawapati sana. Wanaoumia ni wale tunaowafungulia wachakure, yaani hawa hawa tunaowasifu kwa utamu.

Kuna tegu mwingine, Raillietina cesticillus, ambaye hupitia mbawakawa badala ya sisimizi. Kwa mfugaji dalili hazitofautiani.

Tegu hawa wanaua?

Kuku mkubwa mwenye afya mara nyingi huvumilia. Vifaranga ndio hukonda, mabawa yakashuka, wakaharisha. Kwa wanaotaga, mayai hupungua. Raillietina echinobothrida ndiye mbaya, kwani hujichimbia kwenye ukuta wa utumbo na kuacha vinundu. Ukichinja ukakuta vinundu hivyo usikimbilie kusema ni kifua kikuu cha ndege, ingawa vinafanana nacho. Mpelekee daktari wa mifugo huo utumbo auone.

Nilinunua dawa ya minyoo kwa agrovet, nikawapa wote, na punje bado zipo. Kwa nini?

Kwa sababu huenda ulipewa piperazini. Ni ya bei nafuu, iko kila duka, na inafanya kazi yake vizuri: kutoa minyoo mviringo wakubwa. Tegu haiwagusi. Levamisoli nayo ni ya minyoo mviringo. Kwa tegu huhitajika dawa kama prazikwanteli au niklosamidi, kwa kipimo kinachofuata uzito wa ndege.

Usitazame picha ya kuku aliyenona kwenye pakiti, soma jina la kiungo kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Muulize daktari wa mifugo pia ni siku ngapi usile wala kuuza mayai baada ya dawa, maana swali hilo dukani mara nyingi hujibiwa kwa kubahatisha.

Nikiwaua sisimizi wote uani, tegu wataisha?

Hutawaua wote, na ukijaribu kwa kupuliza sumu pale kuku wanapochakura, sumu itaishia kwenye mayai unayokaanga. Kata mzunguko upande wa kinyesi: ondoa takataka za bandani mara kwa mara, zirundike mbali zioze kwa joto, na uhamishe sehemu ya kuchakurisha ukiweza. Vyombo vya chakula vining'inize au uviweke juu ya miguu iliyosimama ndani ya makopo ya maji yenye sabuni, sisimizi wasifuate punje zilizomwagika. Vifaranga wasichanganywe na wakubwa kwenye uwanja uliokwisha kuchafuka.

Naweza kuambukizwa nikila nyama ya kuku mwenye tegu?

Hapana. Tegu huyu hukaa kwenye utumbo wa kuku, na kumpata ni lazima umeze mdudu aliyebeba kifuko. Utumbo uliosafishwa na kupikwa vizuri hauna hatari hiyo. Tegu ambaye binadamu humpata kwa nyama ni mwingine, naye hutokana na ng'ombe au nguruwe ambaye hakuiva.

## Kuwaondoa nyumbani

Nikipuliza dawa wanakufa, kesho wako pale pale. Nifanyeje?

Unaua walio nje tu, na hao ni sehemu ndogo ya kiota. Wale malkia wengi tuliowataja mwanzoni wako chini ya kabro wakiendelea kutaga, na Pheidole megacephala akisumbuliwa anaweza kugawanyika, kikundi kikaondoka na malkia wake kwa miguu kwenda kuanzisha makao mapya mita chache pembeni.

Chambo hufanya kazi bora. Changanya asidi ya boriki kidogo sana, kama sehemu moja kwa mia, na kitu wanachokipenda, kwani ikizidi wanakufa njiani kabla hawajafika nyumbani. Watu hutumia maji ya sukari. Hawa lakini hupenda mafuta na protini vilevile, kwa hiyo jaribu pia siagi ya njugu. Weka kwenye kifuniko cha chupa karibu na njia yao, mahali mtoto na mbwa hawafiki, kisha uwaache wale. Hapo ndipo wengi hushindwa: wanaona msururu umenenepa, wanachukua ndala.

Vipi kuhusu chaki, jivu na mafuta taa?

Jivu kavu huzuia hadi litakapolowa. Mafuta taa usimwage ndani ya nyumba. Chaki inayouzwa na wachuuzi pamoja na dawa ya mende, kunguni na panya huwa na sumu ya aina ya pairethroidi, na inafanana kabisa na chaki ya shule. Nyumba yenye mtoto mdogo isiingie.

Siwezi kununua hao nzi au nyigu niwaachilie?

Hawauzwi, na ni vizuri. Marekani iliingiza nzi wa jenasi Pseudacteon kutoka Amerika Kusini kupambana na sisimizi wa moto, na kazi hiyo ilitanguliwa na miaka ya majaribio kuhakikisha hawatashambulia sisimizi wa kienyeji. Hata baada ya hapo wale sisimizi hawakuisha. Kimelea kinachomaliza wenyeji wake wote hukosa pa kuishi, kwa hiyo usitegemee kifanye kazi ya dawa.

## Maswali ya pembeni

Nairobi fly ni sisimizi mwenye mabawa?

Ni mbawakawa, jenasi Paederus, wa familia Staphylinidae. Kosa hili lina sababu: ni mwembamba, ana rangi ya chungwa na nyeusi, na hutembea amepinda tumbo. Familia yake ndiyo yenye wageni wengi wa viota vya sisimizi na siafu, ila yeye mwenyewe si kimelea cha yeyote, huwinda wadudu wadogo kwenye majani yenye unyevu. Sumu yake, pederini, hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake. Akikutua shingoni mpulize aondoke. Ukimponda ngozi itababuka, na ukijipangusa jicho kwa mkono huo utajuta. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta wengi sana.

Kuvu inayowageuza sisimizi kuwa zombi ipo, na inaweza kuhamia kwa watu?

Ipo, haihamii. Kundi la Ophiocordyceps unilateralis huwashambulia zaidi Camponotus na jamaa zake msituni. Sisimizi huacha njia yake, hupanda mmea mfupi, huuma jani na kufia hapo, kisha kuvu huota kutoka shingoni. Utafiti wa 2017 ulikuta seli za kuvu zimejaa kwenye misuli na kuizunguka, huku ubongo ukiwa haujaingiliwa. Kila spishi ya kuvu imezoea sisimizi wake, na hata kwa sisimizi wa jirani hushindwa.

Je, kuna kimelea kinachomfaidi sisimizi?

Swali gumu. Ujerumani kuna tegu, Anomotaenia brevis, anayehitaji kufika kwa kigogota kupitia sisimizi Temnothorax nylanderi. Kibarua aliyeambukizwa hugeuka wa manjano, hukaa kiotani bila kufanya kazi, hulishwa na wenzake, na huishi muda mrefu kupita kiasi, kiwango cha vifo kikikaribia cha malkia. Matokeo hayo yalitoka 2021. Yeye anaonekana kufaidi. Wenzake wanaombeba mzigo huo hufa mapema zaidi kuliko vibarua wa viota visivyo na tegu, na kigogota akipasua tawi, yule wa manjano hakimbii.

Ni kweli sisimizi hawa wamebadilisha chakula cha simba?

Huko Laikipia, ndiyo. Kwenye udongo mweusi wa pamba, kama ule wa mbuga ya Nairobi na tambarare za Athi, huota mgunga wenye miiba iliyofura, nao hulindwa na sisimizi Crematogaster wanaowauma tembo puani. Pheidole megacephala alipoingia hifadhi ya Ol Pejeta, huko huko Laikipia, aliwaua walinzi hao. Tembo wakavunja miti mara tano hadi saba zaidi, uwanda ukawa wazi, na simba wakakosa pa kujificha kuvizia punda milia. Watafiti, akiwemo Mkenya Douglas Kamaru, walichapisha matokeo Januari 2024: punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003, wakashuka hadi 42 mwaka 2020, huku nyati wakipanda kutoka sufuri hadi 42.

Vimelea vinaingiaje hapo? Spishi ikihamia mahali papya huenda na malkia wachache, na maadui wake wengi hubaki nyuma. Hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa wavamizi wanapostawi kuliko kwao.

Naweza kukusanya malkia niwafuge au niwauze nje?

Usithubutu bila kibali. Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kusafirisha sisimizi hai. Wengi wa sisimizi hao walikuwa malkia wa Messor cephalotes, na wawili kati ya washtakiwa walipatikana na takriban 5,000. Sisimizi ni wanyamapori kisheria, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ndilo la kuulizwa. Pamoja na sheria kuna jambo la afya: malkia akisafiri, utitiri na minyoo yake husafiri naye, na huko aendako hakuna anayejua kuwatafuta.

Nataka kuwaona wageni wa kiota kwa macho yangu. Nianzie wapi?

Uani kwako panatosha. Baada ya mvua, inua tofali au ndoo ya maua iliyokaa muda mrefu, asubuhi kabla jua halijawa kali, kwani mabuu huletwa juu penye joto. Usichokore. Tazama dakika nzima mahali ambapo sisimizi wanakimbiza mabuu, umtafute mdudu ambaye hakimbii kama wengine au hakubeba kitu. Rudisha tofali taratibu, lilivyokuwa. Karura na misitu mingine ya umma kuna masharti ya kugusa viumbe, kwa hiyo uliza ofisini kwanza.

Nikipata mdudu nisiyemjua nimpeleke wapi?

Mpige picha kwanza akiwa hai, kwa juu na kwa ubavu, na sarafu pembeni ya kulinganisha ukubwa. Ukimkuta amekufa, mweke kwenye kichupa chenye spiriti na uandike kwa penseli, kwenye karatasi iliyo ndani ya kichupa, tarehe, mahali, na sisimizi aliokuwa nao. Wino huyeyuka. Chukua pia vibarua wachache na askari mmoja wa kiota hicho waliokufa, maana bila mwenyeji wake kimelea ni vigumu kutambuliwa. Kitengo cha wadudu cha Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, kina mkusanyo wa kulinganishia. Icipe iko Kasarani, ilianzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, na kazi yake ni wadudu. Piga simu kabla ya kwenda, na usibebe kitu hai kwenye matatu.